Moto wa Zizini

Kiswahili kimelitwika neno moja kazi nyingi. Aliyelala huota ndoto. Aliyeshikwa na baridi huota moto. Mzee aliyetoka nje asubuhi na kigoda chake huota jua. Na mbegu iliyofukiwa udongoni, ikipata mvua, nayo huota. Wajuzi wa lugha watasema kuwa haya ni maneno mbalimbali yaliyofanana kwa sauti tu, na huenda wasema kweli. Lakini mtu akiwatazama walinzi wa ng'ombe katika usiku wa kipupwe, wamejikunyata kuuzunguka moto, nyuso zimewaka na migongo imekufa ganzi, macho yamefumba nusu, atashindwa kuamua kama wanaota moto au wanaota ndoto.

Nyanungu ni nchi ya Wakurya katika wilaya ya Tarime, mkoani Mara, kwenye pembe ya mashariki ambako mpaka wa Kenya na mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti hukaribiana. Msomaji wa pwani aliyezoea kulala dirisha wazi asidhani kuwa kuikaribia ikweta ni kinga ya baridi. Nyanda za juu za Tarime zina kimo cha meta 1500 hadi 1800 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, mbingu ikiwa haina wingu, joto la mchana hupaa likaenda zake mara jua linapotua, kama mgeni asiyeaga. Ifikapo saa nane ya usiku majani yamelowa umande na pumzi ya ng'ombe huonekana kama moshi. Nao ng'ombe ndio wanaomtoa mtu nje saa hiyo. Ng'ombe ni mali, ni mahari, ni heshima ya mtu mbele ya wenziwe. Na wizi wa ng'ombe, ambao katika nchi hii ni habari ya tangu zamani na haukujali mipaka ya dola, umejadiliwa mara nyingi katika iritongo, yaani baraza la wenyeji, na umewafunza watu wasiiache mifugo peke yake usiku. Basi mwenye zizi hukesha au hukeshewa, na mwenye kukesha hukoka moto.

Hivyo katika boma moja huwa na mioto miwili, na kila mmoja una wenyewe. Moto wa jikoni ni wa wanawake. Moto wa zizini ni wa wanaume. Lakini rundo la kuni ni moja, na anayelileta mgongoni ni mwanamke au binti. Wanaouota moto wa zizini sio wanaozitafuta kuni zake, na hapo ndipo penye mashaka yote. Miti iliyo karibu imekwisha kupungua kwa mashamba, kwa mkaa na kwa wingi wa watu. Miti mingi iliyosalia imo ng'ambo ya mpaka wa hifadhi, iliyoanzishwa mwaka 1951, na huko sheria haimruhusu mtu kuokota hata kijiti. Mwanamke wa Nyanungu hahitaji ramani ili aujue mpaka huo. Anaujua kwa urefu wa njia ya kuni.

Kulikuwa na kijana mmoja aliyemaliza kidato cha sita mwezi wa Mei, akarudi kwao kungoja majibu. Mwezi wa Julai, baba yake akiwa safarini, aliambiwa akeshe zizini pamoja na babu yake. Kijana alikuwa amezoea bweni la Musoma, na joto la ufuko wa ziwa. Saa tano ya usiku baridi ilimpenya mifupani. Akainuka, akachukua kuni mzigo mzima, akaukoka moto uliopanda juu kuliko ua wa zizi. Babu alinyamaza kwa muda, kisha akasema:

"Mura, moto huu umemkokea nani?"

"Sisi, babu. Baridi ni kali."

"Hasha, umewakokea wezi. Wao wanatuona, sisi hatuwaoni. Hebu simama, geukia zizi, uniambie ile yenye baka jeupe imelala upande gani."

Kijana akasimama akageuka. Hakuona ng'ombe wala ua. Aliona weusi mtupu, na ndani ya weusi huo ndimi za moto zilizobaki machoni mwake. Jicho la mwanadamu huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza barabara, na mwali mmoja mkali huweza kuiharibu kazi hiyo yote kwa kupepesa tu. Babu hakuwa amesoma jambo hilo kitabuni. Alikuwa amelijua tangu ujana wake, alipokuwa mlinzi na pengine, kama wasemavyo baadhi ya majirani zake kwa kicheko, alipokuwa hayuko upande wa walinzi.

Asubuhi bibi alikuja kuchukua kuni za uji akakuta majivu. Hakugomba. Alimwita mjukuu wake akamuuliza, "Huko shuleni hamfundishwi hesabu?"

"Tunafundishwa, bibi."

"Basi nihesabie. Mzigo ule ulikuwa wa siku tatu. Umekwisha usiku mmoja. Nani atakwenda kutafuta mwingine?"

Jibu lilikuwa limesimama mlangoni. Dada yake mdogo, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa amekwisha vua sare ya shule na kujifunga kamba ya kuni kiunoni.

Kijana alikaa chini akahesabu kweli, kwa kuwa alikuwa amesoma fizikia na kwa kuwa aliona haya. Kuchemsha lita moja ya maji yenye nyuzi 20 za joto kwahitaji nguvu ipatayo kilojuli 310 mahali pa kimo kama kile. Kilo moja ya kuni kavu ina kilojuli 16,000 kwa kukadiria. Kwa hiyo, kama joto lote la ukuni lingeingia majini, kijiti cha gramu 20 kingetosha kuchemsha lita nzima. Ni kijiti ambacho mtoto huchezea. Lakini moto uliokokwa wazi katikati ya mafiga matatu huliingiza chunguni fungu moja tu katika kumi, au kuzidi kidogo, na fungu tisa hukwenda na upepo. Ndiyo maana jikoni pake bibi lita hiyo hiyo ilikula gramu 150 au 200. Nao moto wa zizini, ambao haukuwa na chungu juu yake, ulikuwa umetoa fungu zote kumi kwa nyota, ukawabakizia watu wawili vifua vya moto na migongo ya barafu.

Kulikuwa na hasara nyingine ambayo hakuitarajia. Maji yakiisha kuchemka, kuyageuza kuwa mvuke kwahitaji joto kubwa kupita kiasi: lita moja ya maji yanayotokota hula karibu mara saba ya joto lililoyachemsha ndipo itoweke yote. Bibi, kama mama wengi waliotahadharishwa juu ya homa ya matumbo na kipindupindu, alikuwa akiyaacha maji ya kunywa yatokote muda mrefu, sufuria wazi, akiamini kuwa kadiri yatokotavyo ndivyo yatakatavyo. Katika nchi ya juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kwa kimo cha meta 1700 huchemka kwa nyuzi 94 hivi, na mtu anaweza kuhofu kuwa hayo ni maji yaliyochemka nusu. Sivyo. Vijidudu vya maradhi hayo hufa katika joto lililo chini sana ya hapo, na Shirika la Afya Duniani hufundisha kuwa maji yakifika kutokota kwa nguvu yametosha. Yaipuliwe, yafunikwe, yaachwe yapoe yenyewe. Kifuniko cha sufuria, basi, kilikuwa na thamani ya kuni nyingi, na kwa miaka kadhaa kilikuwa kikitumika kufunikia kuku waliototoa.

Hesabu ilimtosha kijana kwa siku ile. Lakini jambo lenyewe ni kongwe kuliko hesabu, na watu wa nchi nyingi wamejitaabisha nalo, kila mmoja kwa kadiri ya kile alichokikosa. Muuza kahawa wa Lamu, Mombasa au Unguja hutembea usiku na dele la shaba juu ya jiko dogo la makaa, akigonganisha vikombe ili aliye na hamu asikie. Makaa yake ni machache, kwa sababu hayana kazi ya kuchemsha. Kahawa imechemkia nyumbani, na njiani yanailinda isipoe tu. Huko Ireland ya magharibi, katika jimbo la Mayo lenye mvua na upepo, wavuvi wa maziwani walijulikana tangu mwishoni mwa karne ya 19 kwa birika la ajabu: lina kuta mbili, maji yakikaa baina yake, na katikati yake ni wazi kama bomba. Moto wa vijiti na majani makavu huwashwa chini, mwali ukapanda ndani ya bomba, na maji yakiuzunguka moto badala ya moto kuyazunguka maji. Upepo, ambao ni adui wa mafiga, huwa rafiki wa birika hilo, kwa kuwa huuvuta moto juu. Gao la vijiti huchemsha maji ya chai kwa dakika chache. Fundi bati hodari angeweza kulijaribu, maadamu asisahau kuwa mdomo wa birika hilo hauzibwi hata kidogo likiwa motoni, kwani mvuke uliokoseshwa njia huitafuta mwenyewe.

Serikali nayo imelitazama jambo hili. Mwezi wa Mei mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, ambao lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanaitumia. Ni lengo jema, na mapafu ya kina mama yanalistahili. Walakini mtungi wa gesi ukiisha hujazwa kwa fedha taslimu, na kuni, ingawa ni ghali kuliko gesi kwa mgongo wa msichana, hazidai fedha. Ndiyo sababu kaya maskini huuona mtungi kuwa ndio ghali. Tena hakuna atakayeuburura mtungi wa gesi mpaka zizini. Kilicho karibu zaidi na Nyanungu kwa tabia ya nchi ni samadi. Ng'ombe waliolala zizini usiku kucha huacha samadi mahali pamoja, nayo ikichanganywa na maji na kufungiwa katika shimo lisilopitisha hewa hutoa gesi inayowaka bila moshi, na masalio yake hubaki kuwa mbolea nzuri. Gharama ya kulijenga shimo hilo si ndogo, na kila siku lataka maji, ambayo nayo huchotwa na wale wale wachotao. Lakini ni bora kuliko kuichoma samadi yenyewe ikiwa kavu, kama wafanyavyo wengine kuni zikiwaishia. Samadi iliyochomwa ni mahindi ya mwakani yaliyotiwa motoni.

Kwa maji ya kunywa, jua lenyewe laweza kupunguza mzigo wa kuni. Chupa ya plastiki isiyo na rangi, ya lita mbili au chini ya hapo, ikijazwa maji yasiyo na tope na kulazwa juani kwa muda wa saa sita, au siku mbili kama kuna mawingu, maji yake huwa salama zaidi kwa kunywa. Wamasai, ambao ni majirani wa zamani wa Wakurya katika heri na katika shari, wamehusika na habari hii: mwaka 1996 jarida la udaktari liitwalo Lancet lilichapa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Kenya miongoni mwa watoto wa Kimasai, ambapo wale waliokunywa maji yaliyoanikwa juu ya paa walipungukiwa na kuhara kuliko wenzao waliokunywa maji ya chupa zilizowekwa ndani ya nyumba. Mtu asiyatazamie maji hayo yamkolee majani ya chai, hayafiki huko. Lakini kama maji ya kunywa hayakuhitaji moto, ukuni wa moto huo umebaki mtini.

Juu ya kujikinga na baridi nje, babu ndiye aliyekuwa mwalimu, na somo lake lilihusu moto kwa uchache sana. Mwili wa mtu mzima aliyetulia hutoa joto la wati 100 hivi usiku na mchana. Kila mtu ni jiko, na kazi iliyobaki ni kulifunika. Baridi humwingilia mlinzi kwa njia tatu: upepo unaompiga, ardhi anayoikalia, na umande unaomlowesha. Siku ile ya pili babu alimwagiza mjukuu wake akate mabua ya mahindi yaliyokauka shambani, ayasimamishe kwa nusu duara upande wa mashariki unakotoka upepo, mengine ayaezeke juu. Chini wakatandika majani makavu kwa unene wa shubiri, na juu ya majani ngozi ya ng'ombe. Blanketi mbili nyembamba, alisema, zashinda moja nzito, kwa kuwa hewa iliyonaswa baina yake haiendi popote. Kijana alitaka kueleza kuwa hiyo ndiyo kanuni ya nyuzi za sufu na manyoya ya ndege. Akaona afadhali aendelee kukata mabua.

Jambo moja babu alilikataza kwa ukali usio wa kawaida yake. Kijana alipendekeza waingize jiko la mkaa ndani ya kibanda na kuziba mlango kwa turubai. "Hapana," akasema, "huo ni usingizi usio na asubuhi." Mkaa unaowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia katika damu na kuitoa pumzi mahali pake, na mwenye kuivuta hujiona amechoka tu. Aliyekwisha kulala hana wa kumwamsha. Kila kipupwe katika nchi za juu za Afrika Mashariki kuna nyumba ambayo mlango wake huvunjwa asubuhi kwa sababu hiyo, na mara nyingi ni nyumba ya watu waliopanga chumba kimoja, mlinzi, au mama mwenye mtoto mchanga. Kibanda cha mabua kilichofunguka upande mmoja ni baridi kidogo, lakini asubuhi yake ni ya hakika.

Bibi ndiye aliyetoa kitu cha mwisho, na kilikuwa kimekaa kabatini muda wote. Chupa ya chai imo karibu katika kila nyumba ya Tanzania. Hutolewa mgeni ajapo, hurudishwa aondokapo. Aliyeiunda kwanza, mwaka 1892, ni James Dewar, mwanasayansi wa Uskoti, naye hakuwa na chai akilini. Alikuwa akitafuta chombo cha kuhifadhi vitu vya baridi kupita barafu. Kuta zake mbili hazina hewa baina yake, na joto halina daraja la kuvukia. Bibi alipoipua ugali wa jioni, makaa ya mafigani yalikuwa bado mekundu. Badala ya kuyamwagia maji alikiinjika juu yake chungu cha uji wa wimbi, akakifunika, ukachemka kwa moto ambao siku nyingine ungalikufa bure. Nusu ya uji ikaingia katika chupa ya chai. Nusu ya pili ilibaki chunguni, nacho akakikalisha katika kikapu kilichojazwa majani makavu, akakifunika kwa gunia na kanga kuukuu. Kijana aliuliza kama uji wa kikapuni utafika alfajiri.

"Utafika ukiwa vuguvugu," akasema bibi. "Nenda ukalinde ng'ombe."

Moto wa usiku ule ulikuwa wa magunzi ya mahindi matatu manne, umefukiwa majivu nusu, unapumua tu. Haukutosha kumulika uso wa mtu aliyekaa mbele yake. Mara mbili kijana alisikia mbwa wa boma la jirani wakibweka, na mara mbili aliuona ua wote wa zizi, kuanzia lango hadi mti wa mwisho, umesimama wazi chini ya nyota. Saa tisa walimimina uji. Ulikuwa unaunguza ulimi. Babu alikishika kikombe kwa mikono yote miwili, akakaa nacho kitambo kirefu kabla ya kunywa, kama afanyavyo mtu asiye na haraka ya kumaliza joto lake.

"Mura," akauliza, "ile yenye baka jeupe?"

"Upande wa langoni, babu. Ndama wake yuko nyuma yake."

Kulipopambazuka msichana alipita kando ya zizi amevaa sare yake, daftari mkononi, akikimbia kwa sababu kengele ilikuwa karibu kulia. Kamba ya kuni ilikuwa imetundikwa kwenye msumari wa mlango wa jiko, na kuku wenye vifaranga walikuwa wametafutiwa tenga.